Stahiki ya Asiyeshindwa: Suala la Haki katika Ubingwa wa Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Miongoni mwa masuala ambayo falsafa ya haki imekuwa ikiyarudia tangu enzi za Wagiriki ni lile la kujua kama anachostahili mtu hutokana na yale aliyokwisha kuyatenda, au hutokana na ubora alionao hata kama ubora huo bado haujathibitishwa kwa tendo. Suala hilo huelezwa zaidi kwa mifano ya mahakama, ya urithi na ya mgawanyo wa mali, mifano yenye uzito wake lakini ambayo huchanganyika na huruma, ukoo na umaskini kiasi kwamba msomaji hashiki kwa urahisi ni kitu gani hasa kinachoisukuma hukumu yake. Upo mfano mwingine, mwembamba zaidi na kwa sababu hiyo ulio wazi zaidi, nao ni ubishi ambao umezuka Desemba nyingi nchini Marekani kuhusu timu za futiboli za vyuo vikuu: timu iliyoshinda michezo yake yote inapokosa nafasi ya kuwania ubingwa kwa sababu watu walioketi chumbani wameona kwamba zipo nyingine zilizo bora zaidi, je, timu hiyo imedhulumiwa, au imepimwa tu na kuonekana pungufu?

Ili swali lishikike, mchezo wenyewe hauna budi kuelezwa. Futiboli ya Kimarekani si kandanda. Ni mchezo wa timu mbili za watu 11 kila upande, zinazogombea mpira wenye ncha mbili ambao hubebwa mikononi au kutupwa, huku wachezaji wakigongana kwa nguvu inayowafanya wasirudi uwanjani zaidi ya mara moja kwa wiki. Ndiyo maana msimu wa kawaida una michezo 12 tu kwa kila timu, ilhali daraja la juu, kwa hesabu ya mwaka 2023, lilikuwa na timu 133. Mwenye kupiga hesabu ataona mara moja kwamba kila timu hukutana na chini ya sehemu moja ya kumi ya wenzake, na wengi wa hao hukutana nao kwa kuwa wamo katika jumuiya moja, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe na kumtafuta bingwa wao mwishoni mwa msimu. Jumuiya hizo hazilingani kwa fedha, kwa watazamaji wala kwa nguvu za uwanjani, na tano kati yake zilikuwa zikihesabiwa kuwa kubwa hadi mwaka huo wa 2023.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea ligi ya timu 16 ambamo kila moja hukutana na kila nyingine nyumbani na ugenini hadi kutimia michezo 30, atauona ugeni wa jambo hili. Azam FC ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, hapakuhitajika kamati ya kujadili kama inastahili, kwa kuwa msimamo wa ligi ulikuwa umekwisha kusema kila lililopaswa kusemwa. Huko Marekani hakuna msimamo mmoja. Ipo mingi isiyoonana, na kazi ya kuiunganisha imeachiwa akili za watu.

Hata neno lenyewe “kutoshindwa” halina uzito mmoja kila mahali. Katika ligi ya Italia ya msimu wa 1978/79, Perugia ilimaliza michezo 30 bila kufungwa na bado ikawa ya pili nyuma ya Milan, kwani 19 kati ya michezo hiyo iliisha kwa sare, na hapana aliyeona kwamba haki imepotoka, maana kutofungwa kwake kulikuwa nusu ya ushindi tu. Futiboli ya vyuo iliondoa sare mwaka 1996 kwa kuleta muda wa nyongeza unaoendelea hadi mshindi apatikane, na tangu hapo timu isiyoshindwa ni timu iliyomshinda kila aliyewekwa mbele yake. Hakuna kingine ambacho ingeweza kukifanya uwanjani, na hapo ndipo uchungu wa suala zima unapoanzia.

Jambo linalomshangaza mgeni zaidi ni kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo na kuandaa mashindano ya ubingwa wa michezo mingi, hakijawahi kuandaa ubingwa wa daraja la juu la futiboli. Kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura: za waandishi wa habari kupitia shirika la AP kuanzia mwaka 1936, na za makocha kuanzia mwaka 1950. Mwezi Desemba 1969 Rais Richard Nixon alisafiri hadi Arkansas kuutazama mchezo ambao Texas iliishinda timu ya jimbo hilo 15 kwa 14, kisha akaingia katika chumba cha wachezaji na kuitangaza Texas kuwa nambari moja nchini, ilhali Penn State haikuwa imeshindwa mwaka huo wala mwaka uliotangulia. Yamkini ndiyo mara pekee ambapo mkuu wa dola kubwa alitoa fatwa ya namna hiyo akiwa amezungukwa na vijana wanaonuka jasho. Mwaka 1997 waandishi walimchagua Michigan na makocha wakamchagua Nebraska, timu mbili zisizoshindwa ambazo hazikukutana, na nchi ikawa na mabingwa wawili.

Mfumo ulioitwa kwa herufi BCS, uliotumika kuanzia msimu wa 1998 hadi wa 2013, ulikusudiwa kuiondoa aibu hiyo kwa kuchanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za kucheza fainali. Aibu haikuondoka, ila ilibadili sura. Msimu wa 2004 timu tatu za jumuiya kubwa, USC, Oklahoma na Auburn, zilimaliza ratiba bila kushindwa. Viti vilikuwa viwili, na aliyesimama alikuwa Auburn. Msimu wa 2009 zilibaki timu tano zisizoshindwa baada ya ratiba ya kawaida, nazo ni Alabama, Texas, Cincinnati, TCU na Boise State. Alabama na Texas zikapewa fainali, ilhali TCU na Boise State, ambazo zote zilitoka jumuiya ndogo, zikapangwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, mpango ambao ulihakikisha kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanyonge hao ambaye angepata kumwaibisha mkubwa usiku huo. Kuanzia msimu wa 2014 ukaja mtoano wa timu nne zinazoteuliwa na kamati, na kanuni za kamati hiyo zikaielekeza izitafute timu nne zilizo bora.

Neno “bora” ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Wamarekani hutofautisha kati ya timu bora na timu inayostahili, na tofauti hiyo ni ya kweli, lakini ndani ya kustahili kwenyewe mmejificha mambo mawili ambayo Kiswahili kinaweza kuyatenga bila taabu. Kustahili na kustahiki yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na katika mazungumzo ya kila siku hushika nafasi moja, ila chimbuko lao ni tofauti: la kwanza ni ndugu wa neno “ahali”, na maana yake ya asili ni kuwa mtu wa jambo fulani, kufaa kulipata, la pili ni ndugu wa “haki”, na maana yake ni kuwa na dai juu ya jambo hilo. Alama za tofauti hiyo hazijafutika. Mtumishi anayestaafu hudai stahiki zake, yaani malipo ambayo mwajiri hana hiari ya kumnyima hata kama hampendi, lakini mtu anayesemwa kwamba anastahili pongezi hana ofisi ya kwenda kuzidai. Mwanafalsafa wa Kimarekani Joel Feinberg, katika makala yake ya mwaka 1963, alifika karibu na mpaka huo alipoonyesha kwamba mtu anaweza kuistahili tuzo bila kuwa na haki ya kuidai kwa mujibu wa kanuni, na mwingine akawa na haki ya kuidai bila kuistahili. Kwa hiyo yapo mambo matatu: ubora, ambao ni sifa, stahili, ambayo ni kufaa kutokana na sifa na juhudi, na stahiki, ambayo ni dai linalotokana na tendo lililokamilika. Ubishi wa kila Desemba huendelea bila mwisho kwa sababu wabishi huruka kutoka jambo moja hadi jingine bila kuaga.

Msimu wa 2023 uliyaweka mambo haya wazi kuliko misimu mingine yote. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, timu tatu za jumuiya kubwa zilikuwa hazijashindwa: Michigan, Washington na Florida State, kila moja ikiwa na ushindi 13 na taji la jumuiya yake. Nyuma yao walikuwapo Texas na Alabama, mabingwa wa jumuiya zao pia, kila mmoja akiwa amepoteza mchezo mmoja. Alabama alikuwa amefungwa nyumbani kwake mwezi Septemba na huyohuyo Texas, 34 kwa 24, lakini jioni iliyotangulia uamuzi alikuwa amemshinda Georgia, bingwa wa miaka miwili mfululizo, 27 kwa 24. Kamati ya watu 13 ilizichagua Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State iliwekwa ya tano, ikawa timu ya kwanza isiyoshindwa kutoka jumuiya kubwa kuachwa nje ya mtoano wa timu nne.

Sababu iliyotolewa ilikuwa mguu wa mtu mmoja. Jordan Travis, kwotabeki wa Florida State, yaani mchezaji anayeupokea mpira mwanzoni mwa kila shambulio na kuamua kama autupe, ampe mwenzake au akimbie nao, alivunjika tarehe 18 Novemba, na mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, akaeleza kwamba bila Travis timu ile ni timu tofauti na ya wiki zilizotangulia. Kamati haikuvunja kanuni zake kwa kusema hivyo, kwa kuwa kanuni zinataja kukosekana kwa wachezaji na makocha muhimu miongoni mwa mambo yanayoweza kuzingatiwa. Anayetaka kuitetea Florida State hawezi basi kuegemea maandishi, na ni lazima akubali kwamba kama stahiki hupimwa kwa herufi za kanuni peke yake, timu hiyo haikuwa nayo. Itambidi aonyeshe kwamba lipo dai lililo chini zaidi ya kanuni za kamati, dai linalotokana na maana ya mashindano yenyewe.

Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alitoa mfano ambao huwafaa watetezi wa kamati. Alisema kwamba filimbi zilizo bora wapewe wapigaji walio bora, na kwamba nasaba, mali au uzuri wa sura visiingizwe katika ugawaji huo, kwa sababu filimbi ipo ili ipigwe vizuri. Kanuni iliyomo humo ni kwamba mgawaji aanze kwa kuuliza kitu kinachogawiwa kipo kwa ajili gani. Kiti katika mtoano kikichukuliwa kuwa filimbi, yaani kipo ili mchezo mzuri uchezwe mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, basi kamati ilitenda sawasawa ilipomwondoa mwenye mkono mmoja na kumpa mwenye mikono miwili. Lakini kiti hicho si filimbi. Filimbi hupewa mtu kabla hajapiga, na hakuna tendo lake la awali linalotiwa doa akikosa. Kiti cha mtoano hupatikana mwishoni mwa miezi mitatu ya kazi ambayo washiriki waliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba ndiyo njia ya kukifikia. Kiko karibu zaidi na hukumu ya kesi iliyokwisha kusikilizwa. Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu asili ya michezo, alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima kwa sababu ya shughuli ambayo vikwazo hivyo huiwezesha kuwapo. Mkimbiaji hakati kona uwanjani, ingawa kukata kona kungemfikisha upesi, kwa kuwa kufika kwa njia hiyo si kushinda. Ikiwa ndivyo, basi kikwazo kikisharukwa kimerukwa, na kanuni inayomruhusu mtu aliye nje ya uwanja kusema kwamba mrukaji pengine ataanguka kwenye kikwazo kinachofuata, na kumtoa mashindanoni kwa sababu hiyo, inafanana na sheria inayomruhusu hakimu kumfunga mtu kwa kosa ambalo huenda akalitenda.

Wanafunzi wa fikhi katika madrasa za pwani hufundishwa kanuni inayolihusu jambo hili kwa karibu kuliko filimbi ya Mgiriki, nayo ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Yakini ni elimu thabiti ya jambo lililokwisha kutokea; shaka ni kusita kati ya mambo mawili bila ushahidi wa kuegemea upande. Mfano wake wa darasani unajulikana: mwenye hakika kwamba alitia udhu, kisha akaingiwa na shaka kama umetenguka, huhesabiwa bado ana udhu, na hatakiwi kurudia kwa ajili ya wasiwasi. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya michezo, na kuihamishia huko kunahitaji tahadhari, lakini mantiki yake inahamishika. Ushindi 13 wa Florida State ulikuwa yakini, na hofu juu ya mchezo wa kumi na nne ilikuwa shaka.

Pingamizi lenye nguvu liko wazi, na ni la haki: mguu uliovunjika nao ulikuwa yakini. Hakuna aliyekisia kwamba Travis ameumia. Kila mtu alijua. Jibu ni kwamba yakini ya chanzo haizai yakini ya matokeo, na katika kisa hiki matokeo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa. Baada ya Travis kuumia, Florida State ilikwenda Gainesville ikamshinda jirani na hasimu wake, Florida, 24 kwa 15, kisha ikatwaa ubingwa wa jumuiya yake kwa kumshinda Louisville 16 kwa 6, ikimtegemea mara hiyo kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Ushindi huo haukuwa wa kupendeza macho, na hapana shaka kwamba ulivipotosha vichwa vya wajumbe. Lakini kamati yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ambayo ingeitosha: katika mwaka wake wa kwanza, 2014, ilimwingiza Ohio State aliyekuwa na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, baada ya wale wawili waliomtangulia kuumia, na timu hiyo ikamshinda Alabama 42 kwa 35, kisha Oregon 42 kwa 20, na kutwaa ubingwa. Kwa yule mguu uliovunjika haukuwa kizuizi. Kwa huyu ukawa. Tofauti waliyoiona wajumbe ni kwamba Ohio State, katika mchezo wa kwanza wa Jones, ilimshinda Wisconsin 59 kwa 0, na Florida State ilishinda kwa ulinzi na kwa alama chache. Hapo hukumu ilikuwa imekwisha kuliacha swali la nani ameshinda na kuingia katika swali la nani ameshinda kwa namna ya kuvutia.

Wapo wanaosema kwamba yaliyotokea tarehe 30 Desemba yaliifunga kesi, kwa kuwa siku hiyo Georgia iliifunga Florida State 63 kwa 3. Hoja hii hurudiwa sana, na ni dhaifu mno. Kwanza, uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa. Pili, na hili lina uzito zaidi, wachezaji zaidi ya ishirini wa Florida State hawakucheza mchezo ule. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuondoka au kuamua kuihifadhi miili yao kwa ajili ya ajira, baada ya kuambiwa kwamba msimu wao hauna tena mahali pa kufika. Hukumu ilijizalia ushahidi wake yenyewe, sawa na mwalimu anayemfukuza mwanafunzi darasani kisha akamlaumu kwa kutojua somo la siku hiyo. Kwa upande mwingine, haifai pia kudai kwamba kushindwa kwa Alabama mbele ya Michigan, 27 kwa 20 katika muda wa nyongeza, kunathibitisha kosa la kumchagua. Hakuthibitishi lolote kuhusu nani alikuwa na dai la kukaa pale.

Sehemu ngumu ya suala haimo katika kisa cha Florida State. Imo katika visa vya timu za jumuiya ndogo, na hapo nadharia yoyote inayosema kwamba kutoshindwa kunatosha hukwama. Msimu uleule wa 2023 Liberty nayo ilishinda michezo 13 bila kupoteza, na kamati haikuiweka popote karibu na nafasi ya nne; kisha ikafungwa na Oregon 45 kwa 6. BYU ilipewa ubingwa kwa kura mwaka 1984 kwa kushinda michezo 13 dhidi ya wapinzani ambao wengi waliwaona hafifu, na mchezo wake wa mwisho ulikuwa dhidi ya Michigan iliyomaliza mwaka ikiwa na ushindi sita na vipigo sita. UCF ilishinda yote 13 msimu wa 2017, ikihitimisha kwa kumfunga Auburn 34 kwa 27, na kwa kuwa Auburn alikuwa amewafunga Alabama na Georgia, ambao ndio waliocheza fainali, UCF ikajitangazia ubingwa na kufanya gwaride.

Hoja ya UCF inapendeza, ila haisimami. Kwamba A alimshinda B, na B alimshinda C, hakumaanishi kwamba A angemshinda C. Mwanahisabati Mfaransa Condorcet alionyesha mwaka 1785 kwamba hata kura za watu wenye akili timamu zinaweza kuzunguka duara namna hiyo, na futiboli ikampa mfano wake mwaka 2008, pale Texas alipomshinda Oklahoma 45 kwa 35, Texas Tech akamshinda Texas 39 kwa 33, na Oklahoma akamshinda Texas Tech 65 kwa 21. Mwenye kuitumia mantiki ya mnyororo katika duara hilo ataweza kumthibitisha yeyote kati ya watatu hao kuwa bora kuliko mwenzake, na pia kuwa dhaifu kuliko yeye mwenyewe.

Hata hivyo, katika visa hivi vya jumuiya ndogo ipo dhuluma ya namna nyingine, na kuichanganya na ile ya Florida State ni kukosea. Timu haijichagulii wapinzani wengi wa msimu: michezo ya ndani ya jumuiya hupangwa na jumuiya, na ile ya nje hufungiwa mikataba miaka mingi kabla, wakati hakuna ajuaye nani atakuwa na nguvu. Chuo kikubwa nacho hakina sababu ya kumwalika mdogo mwenye makali, kwani akimshinda hasifiwi na akishindwa anaangamia. Kwa hiyo mdogo huulizwa maswali mepesi, huyajibu yote, kisha huambiwa kwamba majibu yake hayana thamani kwa sababu maswali yalikuwa mepesi. Yakini yake ni ndogo kweli, na kamati iliyo na viti vinne haiwezi kulaumiwa kwa kuona hivyo. Wa kulaumiwa ni mpango uliohakikisha kwamba yakini hiyo haikui. Cincinnati pekee, msimu wa 2021, ndiye aliyepenya kutoka jumuiya ndogo katika enzi yote ya timu nne, na alipofungwa na Alabama 27 kwa 6 alipata kile walichokosa wengine: alishindwa na mtu, wala hakushindwa na maoni.

Hapa ndipo inapoonekana ni kitu gani hasa timu isiyoshindwa inakistahiki. Haistahiki taji, maana kutoshindwa si ushahidi wa kuwa bora kuliko wale ambao haijakutana nao. Inachostahiki ni mchezo unaofuata. Kila timu iliyopoteza imekwisha kupata jibu angalau moja kuhusu mpaka wake, na hata Alabama, pamoja na ukubwa wa jina lake, ilikuwa imekwisha kuambiwa na Texas. Timu isiyoshindwa haijapata jibu hilo, na mashindano yanayoikatia safari kabla haijaambiwa yameacha kazi yake njiani.

John Rawls, katika nadharia yake ya haki ya mwaka 1971, alitofautisha taratibu ambazo zina kipimo cha haki kilicho nje yake, kama kesi ya jinai ambapo mtu ama ametenda ama hakutenda lolote mahakama isemalo, na taratibu ambazo hazina kipimo kingine, kama mchezo wa bahati uliochezwa kwa uaminifu, ambapo matokeo yoyote ni ya haki kwa sababu tu yamepatikana kwa njia hiyo. Kamati ni ya aina ya kwanza, inayotafuta ukweli na kukosea mara kwa mara. Mtoano uliokwisha kuanza uko karibu na aina ya pili. Msimu wa 2024, mtoano ulipopanuliwa hadi timu 12, Oregon iliingia ikiwa na ushindi 13 bila kupoteza, na mmoja wa iliowashinda alikuwa Ohio State, 32 kwa 31. Walipokutana tena siku ya kwanza ya mwaka 2025, Ohio State, ambayo ilikuwa imekwisha kupoteza michezo miwili, ikashinda 41 kwa 21 na hatimaye kutwaa ubingwa. Watu wa Oregon walihuzunika, lakini hawakudai kwamba wamedhulumiwa, na walikuwa sahihi. Ushindi wao 13 ulikuwa umelipwa kwa sarafu yake halali.

Auburn ya mwaka 2004 haikulipwa. Wakati USC ilipokuwa ikiifunga Oklahoma 55 kwa 19 katika fainali, Auburn ilikuwa imekwisha kumaliza kazi yake kwa kumshinda Virginia Tech 16 kwa 13, na mwaka wake ukaishia kwenye ushindi 13 bila kipigo. Miaka kadhaa baadaye ilithibitika kwamba mchezaji nyota wa USC, Reggie Bush, alikuwa amepokea manufaa yaliyokatazwa, na mwezi Juni 2011 BCS ikaufuta ubingwa wa timu hiyo. Wapo waliotaraji kwamba taji lingehamia Auburn, lakini taji halikuwa ndilo deni. Deni lilikuwa mchezo dhidi ya USC, na vijana ambao wangeucheza walikuwa wamekwisha kutawanyika. Katika kumbukumbu za BCS, msimu wa 2004 hauna bingwa.